Mbuzi wa Shukrani Aliyechinjwa Mapema

Ikiwa umeambiwa juzi kwamba una saratani ya titi, na tayari simu yako imejaa mistari ya Biblia, kaa nami kidogo. Mimi sina mstari mpya wa kukutumia. Ninayo ile niliyosomewa nilipokuwa mgonjwa, na nitakueleza ni upi ulionisaidia na ni upi uliotaka kuniua. Yote imo katika kitabu kimoja na yote naiamini mpaka leo. Ni mikono ya watu walioishika tu iliyonichosha.

Jina langu ni Gatwiri, lakini kwetu, upande wa Ruiri, huniita Mama Kendi. Nalima viazi na maharagwe, na siku za soko huwa nauza Gakoromone. Kanisani nilijulikana kwa kazi nyingine. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiandika neno la asubuhi la kikundi chetu cha akina mama. Kabla ya kwenda kukamua, niliwatumia kwa simu fungu moja la Biblia, mawazo yangu mafupi, na mwisho sentensi moja iliyoanza na maneno "La kufanya leo." Hiyo ya mwisho waliipenda sana. Asiye na muda wa kusoma aliruka yote akaenda hapo moja kwa moja.

Nilipougua, mama mmoja wa kikundi alinitumia tafakari juu ya kuvumilia magonjwa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia yangu. Nilikuwa nimeiandika mwaka uliotangulia, nikiwa mzima na nimeshiba, na yeye alikuwa ameongeza maua matatu chini yake, akasahau aliyeiandika. Niliisoma nikiwa na beseni mapajani, nikajiuliza ni mwanamke gani huyu mjuaji anayenifundisha kuvumilia.

Uvimbe niliuhisi nikioga, wakati wa kupalilia viazi. Mambo ya seli sitakueleza. Daktari wako atakueleza, na ukifika mlangoni utakuwa umeshasahau. Nilikatwa titi la kushoto, na kidonda kilipofunga nikaanza dripu, ile dawa kali ya saratani inayoingizwa mshipani. Nilichagua kutibiwa Embu kwa sababu dada yangu Kathure ameolewa huko, anakaa mtaa wa Majimbo, na mgonjwa wa dripu anahitaji mahali pa kulaza kichwa kabla ya safari ya kurudi. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliinua vidole akanionyesha.

"Sita, mama. Na ni zote sita. Ukiacha katikati, itarudi na hasira."

Hayo maneno niliyabeba hadi nyumbani, nikamwambia mume wangu, Baba Kendi, na mama yake ambaye tunaishi naye boma moja. Wote wawili waliyasikia. Nataka ukumbuke hilo, maana baadaye walifanya kama watu ambao hawakuambiwa.

Kuhusu zile benchi za kungojea, nitakuambia moja tu. Hakuna anayetazama uso wa mwingine. Uso unakuonyesha utakavyokuwa mwezi ujao. Watu hutazama viatu. Niliwajua wenzangu kwa viatu vyao kabla ya kujua majina: raba za samawati, akala za tairi, viatu vya kanisani vya mtu anayedhani daktari humhudumia kwanza aliyevaa vizuri. Tulibeba chai kwenye thamosi na nduma za kuchemsha, na wengi wetu tulirudi nazo bila kuonja.

Nywele zangu zilibaki kwenye mto kabla hata ya dripu ya pili. Kucha zikawa nyeusi. Chai ikawa na ladha ya msumari. Mkono wa kushoto ulivimba, ukakataa kubeba hata sufuria ya maziwa, nami ni mwanamke niliyezoea kuinua gunia la viazi na kumcheka mwanamume anayeomba msaada. Baba Kendi alihamia chumba cha Kendi, binti yetu aliyekuwa shule ya bweni. Alisema anaogopa kunigonga kidonda akigeuka usingizini. Kidonda kilipona na yeye hakurudi.

Sasa niseme mema, maana yapo. Katika Ayubu sura ya pili, wale marafiki zake walipofika walikaa naye chini siku nyingi bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Hao ndio marafiki wazuri kabisa, mpaka walipofungua midomo. Na kikundi chetu kilianza hivyo hivyo. Walikuja wakang'oa maharagwe yangu, wakayapura, wakayaweka ghalani. Walibeba kuni kwa migongo yao. Mama Purity, mwenyekiti wetu, ambaye ni karani mjini na hufunga ofisi saa za jioni, alikuja na viatu vyake vya ofisi akaosha masufuria yangu yote, hata yale yaliyoungua. Hilo sitamnyima. La kufanya leo, ikiwa una jirani mgonjwa: osha sufuria, kisha nenda nyumbani.

Baada ya dripu ya tatu nilipata nafuu kidogo. Nilikula viazi viwili na nikatembea hadi kwenye ng'ombe. Nafuu hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu Mama Purity alinikuta huko kwenye ng'ombe nikiwa nimesimama wima.

"Bwana asifiwe, Mama Kendi!"

"Asifiwe sana."

"Mungu amenipea neno juu yako. Marko kumi na moja. Ukiomba, amini umeshapewa. Sasa Jumamosi tunakuja hapa kufanya shukrani. Kwa imani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya uponyaji."

"Mama Purity, nimebakisha dripu tatu."

"Hizo ni za daktari, wewe usiangalie hizo. Ukingoja upone ndio ushukuru, hiyo sasa si faith. Hiyo ni risiti."

Lazima nieleze jinsi shukrani ilivyo kwetu. Mgonjwa akitoka hospitalini, watu waliomwombea huja kwake, mbuzi huchinjwa, mukimo wa viazi na mahindi hupondwa, watu huimba na kula. Wimbo wa mwisho ukiisha, ule ugonjwa umefungwa. Jina lako halitajwi tena kanisani wakati wa kuombea wagonjwa. Kuni haziletwi tena, na wewe unarudi katika zamu ya kuwapelekea wengine. Hakuna aliyetunga sheria hiyo na hakuna asiyeijua. Kwa hiyo mtu akifanya shukrani kabla ya kupona, anafunga mlango akiwa bado yuko nje.

Nilimwambia Baba Kendi sitaki.

"Wacha wafanye," alisema. "Watu wamechoka."

"Wamechoka na nini?"

"Na hii maneno."

Hakuniangalia aliposema hivyo, nami nikaelewa ni nani aliyechoka. Mama mkwe alitoa mbuzi dume wake mwenyewe. Alikuwa amefunga na kuomba kwa ajili yangu, mwanamke wa umri wake, na sasa aliona amejibiwa. Ungemwambiaje hapana? Mimi nilishindwa. Nilikuwa nimeishiwa na nguvu za kukataa, na kukataa kunahitaji nguvu kuliko kulima.

Jumamosi hema likapigwa uani, viti vya plastiki vikaletwa kutoka kanisani, pamoja na kipaza sauti. Mimi nilivaa gauni la kitenge na kilemba, nikawekwa mbele kama bibi arusi. Harufu ya nyama ilipoanza kupanda, nilijua sitavumilia mpaka mwisho. Mama Purity alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Saratani imetoka kwa hii boma!"

"Amina!"

"Nasema imetoka!"

"Amina!"

Nilisikia hiyo amina ya pili nikiwa nyuma ya zizi, nimeinama, natapika. Mama mkwe alinifuata. Nilidhani analeta maji.

"Jikaze, Gatwiri," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usitapike watu wakiona."

Nilifuta mdomo nikarudi kwenye kiti changu. Watu waliimba. Nilipigiwa makofi, nikapewa kipande cha ini, heshima kubwa, nikakishika mkononi mpaka kikapoa.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisimama kutaja wagonjwa wa kuombewa. Alimtaja mzee wa goti, akamtaja mtoto wa tezi, akamtaja hata mwalimu mmoja aliyekuwa na mafua ya siku nyingi. Jina langu alilipita. Nilikuwa hapo, safu ya tatu, kilemba juu ya kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Wiki hiyo kuni hazikuja. Sikulaumu mtu mmoja mmoja, maana kila aliyetaka kuniletea kuni angekuwa anasema hadharani kwamba Jumamosi tulimdanganya Mungu. Kwenye bomba la maji mama mmoja alinipa mkono, akanitazama mashavu.

"Kweli umepona! Ona vile umenona."

Nilikuwa nimevimba kwa dawa. Nilimwambia asante.

Basi dripu ya nne ikakaribia. Mara zote tatu za kwanza Baba Kendi alinipeleka kwa pikapu yake ya kubebea mizigo, akaningoja, akanirudisha. Nilimkumbusha jioni tukinywa chai.

"Si tulimaliza hiyo?" akasema.

"Daktari alisema sita. Nilikuambia."

"Daktari hakuwa hapa Jumamosi. Watu wamekula mbuzi yetu wakaenda wakisema umepona. Sasa nikionekana nakupeleka Embu, nitaambia watu nini?"

"Waambie naenda dripu."

"Mama ndiye alitoa hiyo mbuzi, Gatwiri."

Nilidhani ni maneno tu ya mtu aliyechoka. Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa, nikajaza thamosi, nikatoka nje. Pikapu haikuwepo. Alikuwa ameondoka na giza kwenda Timau kubeba ng'ombe wa mtu. Mama mkwe alikuwa anafagia ua, akafagia mpaka karibu na miguu yangu, akazunguka, akaendelea. Nilikaa kwenye kigoda na koti langu nimelivaa mpaka jua likawa kali. Dripu hiyo ilipita.

Mchana huo nilisoma Zaburi ya themanini na nane. Sikuwahi kuiandikia tafakari hata siku moja, na ukiisoma utajua kwa nini. Mtu yule analia kwa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, marafiki wameondolewa mbali naye, na zaburi inaishia gizani. Haina shukrani mwishoni. Hakuna la kufanya leo unaloweza kuling'oa humo. Niliisoma tena na tena, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nikalia kwa sauti. Nilikuwa na hasira na Mungu pia, sitakuficha. Lakini nilimwonea Mungu hasira nikiwa na kitabu chake mkononi, kwa sababu humo ndani mtu mwingine alikuwa ameshaisema hasira yangu na hakufutwa.

Kisha nikatafuta Hezekia, Wafalme wa Pili sura ya ishirini. Jioni, Baba Kendi akiwa amerudi na mama yake ameketi karibu na moto, niliweka Biblia mezani.

"Naomba mnisikilize kidogo," nilisema. "Hezekia aliugua mpaka kufa. Akaomba, akalia. Mungu akasema amesikia na atamponya. Ni Mungu aliyesema, si Mama Purity. Ombi limejibiwa, si ndiyo?"

"Ndiyo," Baba Kendi akasema, akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Sasa mstari unaofuata. Isaya anaagiza waende walete tini, wazibandike kwenye jipu. Jibu la Mungu limeshatoka, na bado dawa inatafutwa. Kama Hezekia alibandikwa tini baada ya kujibiwa, mimi nani aliyenikataza dripu?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, bila ukali, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

"Hezekia alikuwa mfalme."

"Na mimi?"

"Wewe ni bibi ya mtu. Ukirudi huko, umerudisha ugonjwa kwa boma."

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa nafasi, nikahesabu pumzi. Alichukua kikombe chake akaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Nilimpigia Kathure. Dada yangu si mtu wa maneno mengi.

"Kwani unangoja nini huko? Beba nguo, ukuje."

Nikabeba nguo. Kesho yake niliondoka kwa miguu yangu hadi barabarani, nikisimama kila mahali palipo na kitu cha kuegemea. Mama mkwe alikuwa shambani, akainua kichwa, akakiinamisha tena. Sikuaga.

Hospitalini daktari hakunigombeza. Alitazama tarehe, akasema tutaanzia tulipoachia. Ningependa angenigombeza, maana hapo ningejua kwamba si jambo kubwa. Ule upole wake uliniogopesha.

Kathure ameajiriwa, hangeweza kukaa nami kutwa nzima. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu kwenye benchi, na hapo nikamwelewa yule mtu wa Yohana sura ya tano, aliyelala miaka na miaka kando ya birika. Bwana alipomuuliza kama anataka kupona, alijibu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Wahubiri wetu hupenda kumkemea. Wanasema aliulizwa swali rahisi akatoa visingizio. Nawaombea wahubiri hao wakae kwenye ile benchi tangu asubuhi, na muuguzi apite akiuliza swali analouliza kila mgonjwa wa dripu.

"Mama, umekuja na nani?"

Nikaanza kupekua mkoba, kana kwamba jina lilikuwa humo.

"Amekuja na mimi," mtu akasema.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa upande wa Mbeere, mwenye akala, amekaa mwisho wa benchi. Muuguzi alimtazama.

"Lakini wewe pia ni mgonjwa, Mama Njeru. Wewe umekuja na nani?"

"Na huyu. Kwani mgonjwa si mtu?"

Muuguzi alicheka, akapita. Tangu siku hiyo Mama Njeru akawa mtu wangu na mimi nikawa mtu wake. Tulipanga siku zetu ziwe pamoja. Alikuja na tangawizi mbichi kwenye kitambaa, akanikatia vipande vya kutafuna kichefuchefu kikianza. Tulipozoeana tulisimuliana ya nyumbani.

"Huko kwetu wanasema nimerogwa," aliniambia. "Hakuna mtu anakula chakula nimepika."

"Kwetu wanasema nimepona."

Alinitazama tangu kilemba hadi vidole vyeusi.

"Aki afadhali mimi."

Tulicheka hadi watu wakaacha kutazama viatu.

Kabla ya dripu ya tano Baba Kendi alikuja Majimbo. Nilimkuta kwenye geti la Kathure ameshika gunia la viazi na kuku aliyefungwa miguu, amesimama kama mtu aliyekuja kuuza.

"Mama hajui nimekuja," alisema.

"Na Mama Purity?"

"Pia hajui."

"Basi na mimi sijui."

Nilipokea viazi. Kuku pia nilimpokea, Kathure akampika, na supu yake ndiyo kitu cha kwanza kilichokaa tumboni mwezi huo. Baba Kendi alingoja pale getini kwa muda, kisha nikasikia pikapu ikiwaka. Nilitaka arudi aingie ndani mchana kweupe, akae kwenye kiti, anywe chai, na aseme kwa watu kwamba mke wake anaumwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuonekana tu, na mimi ndiye niliyelipia woga wake kwa mwili wangu.

Siku ya dripu ya sita Mama Njeru hakuja. Niliweka mkoba wangu mahali pake ili asikae mtu. Ilipofika saa ya kuitwa, nikapiga simu yake, akapokea binti yake. Aliniambia wamemzika wiki iliyopita, na kwamba mama alikuwa akinitaja. Nilienda kuchomwa sindano yangu ya mwisho bila mtu. Nilimwambia Mungu siku hiyo maneno ambayo sitayaandika, na sijaona kwamba alinipiga kwa sababu ya maneno hayo.

Nilirudi nyumbani mvua ikianza, watu wakipanda maharagwe. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Vipimo vilikuwa vizuri kwa sasa. Daktari alisema "kwa sasa," na mimi nilibeba lile "vizuri" na lile "kwa sasa" kwa uzito mmoja. Mama mkwe alinipikia uji wa wimbi siku niliyofika na hatukuzungumza juu ya lolote. Mama Purity alikuja mbio, viatu vya ofisi matopeni, akanikumbatia upande ule ule wa kidonda.

"Si unaona? Tulishukuru mapema na ikawa! Sasa utuandikie hiyo testimony kwa neno la asubuhi."

Niliandika. Niliandika Luka sura ya kumi na saba. Wakoma kumi walitakaswa, na mmoja akarudi kushukuru baada ya kuona kwamba amepona. Bwana aliuliza habari za wale tisa, ndiyo, lakini aliuliza wakiwa tayari ni wazima. Hakumwambia mkoma yeyote achinje mbuzi vidonda vikiwa bado vinatoka maji. La kufanya leo: muulize mgonjwa wako tarehe yake inayofuata ya hospitali, na uishike kichwani. Baada ya hapo mama wawili tu walituma amina. Mama Purity akatuma tangazo la mkutano wa kuchangia viti vya kanisa.

Ningeishia hapo kama si Mama Tony. Ni mwanamke mdogo, hufundisha chekechea, na ana ugonjwa ule ule wetu. Alinipigia simu mwezi uliopita akilia. Kikundi kilikuwa kinakuja kwake Jumamosi na mbuzi, na Jumatatu ilikuwa siku ya dripu yake.

"Nikikataa, Mama Kendi, watasema ni mimi nimejiletea kwa kukosa imani."

"Usikatae," nilimwambia. "Waache waje."

Nilienda. Hema lilikuwa lile lile na viti vilikuwa vile vile. Baba Kendi ndiye aliyekuwa amebeba viti kwa pikapu, na alikuwa nje na wanaume wengine, sahani mkononi. Mama Purity alipomaliza, aliuliza kama kuna aliye na neno, na nikasimama.

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Tony," nilisema. "Na mimi nina swali moja. Jumatatu ni siku yake ya dripu huko Embu. Anampeleka nani?"

Mama Purity alisema kwa upole kwamba hilo tungeliongea pembeni.

"Hapana, tuliongelee hapa. Mimi jina langu lilirukwa kanisani nikiwa na dripu tatu mbele yangu. Nilikosa moja nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu nimevaa koti. Mnaweza kula hii nyama na mnaweza kuimba, lakini nataka kusikia jina la mtu. Jumatatu, nani?"

Watu walitazama sahani zao. Mume wa Mama Tony alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Nilikuwa ninajua hiyo sura. Nilikuwa karibu kusema kwamba nitaenda naye mimi, kwa miguu ikibidi, ndipo sauti ikatoka nje ya hema.

"Mimi nitampeleka."

Alikuwa Baba Kendi. Alikuwa ameweka sahani chini na amevua kofia. Alisema tena, kwa nguvu zaidi, mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya mama yake aliyekuwa ameketi na akina mama wazee. Mtu akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mama Tony alilia. Mume wake akasema basi na yeye ataenda. Mama Purity akaanzisha wimbo.

Jumatatu tuliondoka mapema. Mume wa Mama Tony alipanda nyuma, na sisi watatu tukakaa mbele, mimi katikati. Baba Kendi alikuwa ameosha kiti na ameweka mto. Alipita kwenye mashimo polepole, na kabla ya Chuka akasimama mahali penye kivuli bila kuombwa, akafungua mlango upande wa Mama Tony na kumpa maji. Alikumbuka kila kitu. Alijua ni wapi mgonjwa hushikwa na kichefuchefu na ni kikombe kipi cha kubeba. Bega lake lilikuwa linagusa bega langu, na mimi nilikuwa na hasira mpaka nikaikalia mikono yangu.

Kumbe alikuwa anaweza. Kusimama mbele ya watu na kusema maneno mawili, aliweza, na mbingu hazikuanguka. Nafurahi kwa ajili ya Mama Tony, nami nitaenda naye hadi dripu ya mwisho. Mume wangu sijamsamehe. Najua mafungu yote yanayonitaka nimsamehe, mengine niliyaandikia tafakari mwenyewe, na ninakusudia kuyatii. Lakini watu walishaniambia mara moja kwamba nimepona kabla sijapona, kwa hiyo katika hili namwomba Mungu jambo moja tu, asiniharakishe.